Sherehe Baada ya Mavuno: Upike Kiasi Gani Bila Kugusa Gunia la Akiba



Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi, huku kwetu Babati kila wikiendi kuna turubai limefungwa mahali. Kipaimara, ubarikio, komunio ya kwanza, harusi, sendofu, na wengine wanafungua nyumba mpya. Ni wakati wake. Mahindi yameingia ndani, mbaazi zinavunwa, hela kidogo ipo mfukoni. Mimi mwenyewe nikialikwa sikatai, na nikipewa sahani sirudishi.

Ila kuna jambo linanisumbua kila mwaka. Mwezi wa pili ukifika, nikipita kwenye kaya kuangalia hali ya chakula, nakutana na familia zinazonunua unga kwa kilo moja moja dukani. Na baadhi yao ni walewale walioniwekea mwezi wa nane sahani ya pilau ambayo hata nusu sikuimaliza. Shamba lao halikuwa na kosa. Walipanda kwa wakati, walipalilia, walivuna vizuri. Chakula kilitokea mlangoni siku moja.

Kwa hiyo leo sizungumzii mbolea wala viwavijeshi. Nazungumzia sufuria.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kipaimara cha binti yangu wa kwanza nilialika watu kama 130. Mpishi akaniuliza, "Mzee, tuweke kilo ngapi?" Nikamwambia weka za kutosha. Yeye akasema kilo 45, ili tusiaibike. Sikubisha, maana nani anataka kuaibika? Jioni watu wameondoka, sufuria mbili za kilo kumi kumi zimekaa pale hazijaguswa. Tuligawa mpaka mikono ikachoka, lakini majirani wenyewe walikuwa wameshiba kwangu. Asubuhi ile pilau inanuka, ikaenda kwa nguruwe wa jirani. Kilo 20 za mchele, kwa bei ya msimu ule, zilikuwa karibu sawa na gunia la mahindi. Na cha kuchekesha ni kwamba soda ziliisha saa tisa, nikawa natuma bodaboda mjini kama mtu aliyefiwa. Yaani chakula kimezidi na kinywaji kimepungua, siku hiyohiyo, kwenye sherehe hiyohiyo. Hapo ndo nilijua kwamba "za kutosha" si kipimo.

GHALA KWANZA, KADI BAADAYE

Watu wengi wanaanza na orodha ya wageni. Anza na ghala.

Pima nyumbani kwako unga unaopikwa kwa siku. Usikisie, chukua mzani au kopo moja lilelile upime kwa wiki nzima. Tuseme kaya ya watu sita, baba, mama na watoto wanne, inatumia kilo 2 za unga kwa siku. Kwa mwaka hiyo ni kilo 730. Mkila dona, mnahitaji kama magunia 8 ya kilo 100 ukiweka na kidogo cha kupotea. Mkila sembe iongezeke, magunia 9 mpaka 10, kwa sababu pumba inabaki mashineni.

Sasa kama umevuna magunia 14, yale 8 si yako. Ni ya mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, ni ya siku za kupalilia ambapo mtu anatakiwa awe na nguvu. Yafungie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, yaweke nyuma kabisa ya mengine. Yanabaki 6. Humo ndimo kuna ada, mbegu na mbolea za msimu ujao, matibabu, na sherehe. Sherehe inagombana na mbegu. Haitakiwi kugombana na ugali.

Najua kinachotokea. Mwezi wa nane mahindi yana bei ya chini kwa sababu kila mtu anauza. Mtu anatoa magunia manne haraka haraka anunue ng'ombe wa harusi, halafu mwezi wa pili anarudi sokoni kununua mahindi yaleyale, pengine hata kutoka kwa mfanyabiashara yuleyule, kwa bei ambayo imeshapanda. Hapo umelipia ng'ombe mara mbili. Na ukumbuke bei haitabiriki hata kwenye zao la biashara. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi, bei huku ilianguka ghafla na wengi waliokuwa wameshaahidi mambo kwa kutegemea mbaazi walibaki na magunia ndani. Aliyekuwa na mahindi ya kula alivumilia. Aliyekuwa ameuza mahindi akisubiri mbaazi zimwokoe, huyo ndiye aliyepata shida.

HESABU YA WATU

Mjini pale kuna kadi, single na double, kuna mtu mlangoni. Ukialika 200 kwenye ukumbi, mara nyingi hawafiki wote, maana kuna wenye safari na wenye shughuli nyingine siku hiyo. Kijijini ni kinyume. Bashnet, Dareda, Galapo, Mamire, kote huko ukimwalika baba umealika nyumba, na nyumba ina watoto, na watoto wana wenzao. Huwezi kumfukuza mtoto aliyesikia muziki. Kwa hiyo usihesabu kadi, hesabu sahani.

Mimi nafanya hivi. Mtu mzima ni sahani moja. Mtoto wa chini ya miaka 12 ni nusu. Vijana wa miaka 15 mpaka 20 wahesabu kama watu wazima kamili na usiwaonee haya, wanakula kuliko sisi. Halafu ongeza sehemu moja ya kumi kwa wale ambao hukuwaandika.

Mfano: watu wazima 120, watoto 60. Watoto 60 ni sahani 30. Jumla sahani 150. Ongeza sehemu ya kumi, 15. Sahani 165. Andika hiyo namba kwenye daftari kwa kalamu nzito, kwa sababu kuanzia hapo kila mtu atakayekuja kukushauri atataka uiongeze. Shemeji atasema weka 200. Mjomba atasema harusi ya fulani walipikia 300. Wewe waonyeshe hesabu.

Kabla hujanunua chochote, keti na majirani na ndugu siku kama kumi kabla. Huku kwetu watu wanachangia vitu: huyu analeta debe la mahindi, yule maziwa, mwingine sukari, kikundi cha akina mama kinaleta mchele. Wengi wananunua kwanza, halafu michango inakuja juu yake. Uliza mapema bila aibu, "Mama fulani, nikutegemee kwenye nini?" Atafurahi kuulizwa.

MCHELE, UNGA, MAKANDE

Kilo 1 ya mchele ikipikwa pilau inatosha watu wazima 6 mpaka 8. Mimi natumia 7. Ni kama gramu 140 za mchele mkavu kwa mtu, na mchele ukiiva unakuwa mzito karibu mara tatu, kwa hiyo huyo mtu anapata kama gramu 400 za wali. Hiyo ni sahani iliyojaa, si ya kubania. Kwa sahani zetu 165 unahitaji kilo 24.

Kama kuna chakula kingine pembeni, ndizi, viazi, makande, basi kilo 1 inakwenda kwa watu 9 au 10, na mchele unashuka mpaka kilo 17 au 18. Hapa ndo wengi wanakosea. Wanaongeza aina za chakula bila kupunguza kiasi cha kila aina. Mgeni ana tumbo moja. Ukimwekea vitu vinne atachukua kidogo cha kila kimoja, na wewe umepika kila kimoja kana kwamba ni hicho tu.

Jambo la mchele mpya. Mchele wa Magugu wa msimu huu, uliotoka shambani juzi, unataka maji kidogo na hauongezeki kama mchele uliokaa. Ukiupikia kwa maji ya mazoea unakuwa bokoboko. Kama ni huo unaotumia, hesabu kilo 1 kwa watu 6, na mpishi ajaribu kikombe kimoja nyumbani siku moja kabla.

Ugali: unga kilo 1 kwa watu 4 au 5. Makande: kilo 2 za mahindi na kilo 1 ya maharage vinashibisha watu kama 15. Chai ya asubuhi kwa wanaofunga turubai na wapishi: kilo 1 ya sukari inatoa vikombe 60 hivi, kwa unywaji wetu wa vijiko vitatu.

NYAMA NDIYO INAYOMALIZA KAYA

Kilo 1 ya nyama yenye mifupa kwa watu 6. Ukiikata vipande 12, kila mtu anapata viwili. Sahani 165 ni kilo 28 hivi.

Sasa linganisha na tunachofanya. Mbuzi wetu wa kienyeji aliyekomaa, mwenye kilo 25 mpaka 30 akiwa hai, anatoa nyama kilo 12 hadi 14. Chini kidogo ya nusu ya uzito wake ndiyo nyama, mengine ni ngozi, kichwa, miguu, tumbo na damu. Mbuzi wawili wazuri na kilo mbili tatu za kuongezea buchani, umemaliza. Utumbo na maini vinafanya supu ya wafanyakazi.

Lakini mtu wa wageni 150 anachinja ng'ombe. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 220 anatoa nyama kilo 100 na zaidi. Huyo ni wa watu 600! Kilo 70 zinazobaki zinagawiwa usiku huo, nyingine zinapotea jikoni kwa njia ambazo sote tunazijua, nyingine zinaharibika kwa sababu hatuna friji. Ukimuuliza kwa nini ng'ombe, atakuambia heshima. Sawa, heshima ipo, na kuna ndugu ambao mila zao zinataka ng'ombe kwenye mahari au kwenye shughuli fulani. Hapo sina la kusema, mila ni mila. Lakini kama ni kipaimara tu, ng'ombe yule ni plau, ni maziwa, ni ada ya kidato cha kwanza. Au kama lazima achinjwe, shirikianeni na jirani mwenye sherehe wiki hiyohiyo, mgawane nusu kwa nusu.

Na tafadhali, usichinje mnyama kwa sababu anaumwa na sherehe imekaribia. Nimeshasikia mara nyingi, "alikuwa anakaribia kufa, tukaona bora tumle." Kama ni kimeta, umewapa wageni wote ugonjwa. Mnyama aliyekufa ghafla, damu inatoka puani au nyuma, usimpasue kabisa, piga simu kwa mtaalamu wa mifugo. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipita kanda yetu na tulijifunza kwa uchungu. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata aje akague nyama kabla haijaingia sufuriani. Kama mnyama alichomwa sindano karibuni, soma kwenye chupa ya dawa siku za kusubiri kabla ya kula nyama yake. Nyingine zinafika karibu mwezi.

ZIADA IBAKI MBICHI

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko hesabu zote hapo juu.

Hofu ya chakula kuisha ni ya kweli. Sikuambii usiwe na ziada. Nakuambia ziada isipikwe. Mchele mbichi ukibaki unarudi ghalani. Pilau ikibaki inaenda kwa nguruwe. Mbuzi wa tatu akibaki amefungwa nyuma ya nyumba, kesho anakwenda malishoni. Akishachinjwa, basi.

Kwa hiyo kwenye ule mfano wetu, wa kilo 24, pika kilo 18 kwanza. Kilo 6 zioshwe na kuchujwa karibu na muda wa chakula, vitunguu vimekatwa, viungo viko tayari, supu imebaki kwenye sufuria, kuni zipo. Mtu mmoja akae mlangoni mwa jikoni aangalie. Theluthi mbili ya watu wakishapakua, anaangalia mstari uliobaki na sufuria iliyobaki, anaamua. Sufuria ya kilo 6 inaiva ndani ya saa moja, na kwenye sherehe zetu saa moja si kitu, bado kuna zawadi na hotuba.

Nyongeza nyingine ya kilo 10 iwe ndani, kwenye mfuko, haijafunguliwa. Hiyo ni ya dharura kabisa. Nimeshaona ikirudi dukani.

Na mara nyingi chakula hakiishi kwa uchache. Kinaisha kwa mpakuaji. Weka watu wazima wawili wenye macho makavu kwenye nyama, wagawe kwa kuhesabu vipande, mgeni asijipakulie nyama mwenyewe. Wali ajipakulie anavyotaka. Ukiachia nyama wazi, meza tatu za kwanza zinakula ya watu wote na wa mwisho anakuta mchuzi. Tenga mapema sahani za wapishi na wabeba maji, maana hao wasipotengewa wanajitengea. Tumia sahani za kawaida, si yale masinia mapana. Anayetaka zaidi atarudi, karibu sana.

VINYWAJI

Soda kwa siku ya kawaida: mtu mzima chupa moja na nusu, mtoto moja. Hapa usitumie hesabu ya sahani, tumia vichwa. Watu wazima 132 na watoto 66, baada ya ile nyongeza. Soda 198 na 66, jumla 264. Kreti moja ina chupa 24, kwa hiyo ni kreti 11. Ongeza mbili, lakini kubaliana na duka la jumla kwamba zisizofunguliwa zinarudi. Waandikishe kabisa. Na mtu wa kugawa soda awe mmoja, mwenye kopo la vizibo. Vizibo ndiyo risiti yako.

Maji ya kunywa, nusu lita kwa kila mtu, kwa hiyo hapa ni lita 100. Kama sherehe ni mwezi wa kumi, jua kali, vumbi la Babati unalijua, weka mara mbili. Wengi wanasahau maji ya kupikia, kunawa na kuosha vyombo. Kwa watu 200 andaa lita 1,000, yaani simtanki moja iliyojaa. Kama maji ya bomba kwenu yanatoka kwa mgao, anza kujaza mapema.

Pombe ya kienyeji ninaizungumzia kama mtu wa kilimo, mambo ya dini nawaachia wenyewe. Debe tatu za mahindi zikiingia kwenye pombe, hilo ni nusu gunia. Kwa kaya yetu ya watu sita inayotumia kilo 2 kwa siku, ni unga wa siku 25. Mwaka wa mavuno mazuri unaweza kumudu. Mwaka ambao mvua zilikatika mapema, usiguse, na miaka mingine viongozi huwa wanapiga marufuku kabisa nafaka kuingia kwenye pombe.

Lingine kuhusu pombe, na hili ni la uhai. Kuna tabia ya kuchambua mahindi, mazuri yanakwenda ghalani, yaliyoota ukungu yanakwenda kwenye pombe ya wageni. "Yatachachuka tu." Hapana. Sumukuvu haiishi kwa kuchachusha wala kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na mkoa wetu huu wa Manyara, na walikuwa wamekula chakula cha kawaida tu cha nyumbani. Mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi, yaliyosinyaa, yafukie. Usimpe mgeni, na mifugo pia usiipe.

KIKIBAKI

Chakula kilichopikwa kikikaa nje zaidi ya saa mbili kimeanza safari ya kuharibika, hata kama hakijanuka. Kwa hiyo usisubiri wageni waondoke ndipo ufikirie mabaki. Saa kumi jioni, ukiona dalili za kubaki, anza kufunga. Wazee ambao hawakuweza kuja wapelekewe kingali cha moto, wale kabla ya giza. Ya kwenu ya usiku pasha mpaka itoe mvuke, si vuguvugu. Nyama mbichi iliyobaki ikatwe nyembamba, ipakwe chumvi, ikaushwe juu ya moshi usiku uleule.

Kesho yake, kabla turubai halijaondoka, chukua lile daftari. Andika ulialika wangapi, walikuja wangapi, ulipika kilo ngapi, zilibaki ngapi, soda zilizofunguliwa ni ngapi. Dakika kumi. Mimi kwa binti wa pili nilikuwa na daftari la wa kwanza, nikapika kilo 21 kwa watu 140 na watoto juu, kilo 5 zikabaki mbichi. Mpishi alikuwa yuleyule. Safari hii aliponiambia "tuweke ili tusiaibike" nilimfungulia ukurasa, akasoma, akacheka, akaenda kuosha mchele.